Mama Katika Darasa la Baleti

Mama alipotoka hospitali baada ya kiharusi, mtaalamu wa mazoezi alituambia maneno machache: atembee kila siku, ashike kitu imara, asikubali kukaa tu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelegea, na mkono wa upande huohuo haukuweza hata kushika kikombe. Mama alikuwa amelima mpunga Ndandalo tangu akiwa msichana. Hakuwahi kuambiwa na mtu anyanyuke. Sasa alikaa barazani kwangu kwenye kiti cha plastiki, akiangalia kakao ikianikwa kwa jirani, na kila nilipomsogelea kumshika mkono alinikatalia.

"Mazoezi ni ya askari," alisema. "Mimi niache nipumzike."

Mimi nafundisha baleti. Nikisema hivyo hapa Kyela, watu huniomba nirudie. Nilijifunza Blantyre, Malawi, kwa mama yangu mdogo aliyeolewa huko. Nilisoma shule nikiishi kwake, na jirani yake alikuwa mama mmoja mzee aliyefundisha wasichana baleti sebuleni, makochi yakiwa yamesukumwa ukutani. Niliporudi nikaolewa hapa mjini, na baada ya muda nikaomba ukumbi wa kanisa kwa siku za Jumamosi. Sakafu ya saruji inaua magoti, kwa hiyo seremala alitutandikia mbao juu ya vipande vya matairi ya zamani. Ukiruka, zinabonyea kidogo na kukupokea. Ukutani tulifunga mianzi miwili ya kushikilia, mmoja juu kwa wakubwa, mmoja chini kwa wadogo.

Mama hakuwahi kufika. Hakunigombeza, ila aliwahi kuniuliza akicheka, "Umevuka mpaka kwenda kusoma, umerudi kufundisha watoto wa watu kunyanyua miguu?" Nilicheka naye. Lakini liliniuma, maana yeye ndiye niliyetamani anione.

Jumamosi moja dada yangu, aliyekuwa akinisaidia kumwangalia, alipata safari ya ghafla kwenda Kasumulu, mpakani, kupokea mzigo wake. Sikuweza kumwacha Mama peke yake, na watoto walikuwa tayari wananisubiri. Nikampandisha kwenye bajaji, nikamshika kiuno njia nzima, nikamweka ukumbini karibu na mlango ili apate upepo.

"Mugonile, Bibi," watoto walimsalimu kwa Kinyakyusa kwa pamoja, wakipiga magoti kidogo.

"Ndaga, wajukuu zangu," alijibu, akageuza uso kuelekea mlangoni.

Nilifundisha kama kawaida. Tulianza na kukunja magoti, maana kila kitu katika baleti kinaanzia pale: kuruka, kuzunguka, hata kutua. Nilipita nyuma yao nikisema yaleyale ninayosema kila wiki. Mwanzi ni wa kukusaidia kusimama, haukubebi. Weka vidole juu yake, usining'inie. Goti lifuate vidole vya mguu. Likiangukia ndani leo hutasikia kitu, utakuja kulia baadaye. Usibane pumzi. Mtu akibana pumzi mabega yanapanda, na mabega yakipanda shingo inapotea.

Katikati ya somo niligeuka kuchukua maji, nikaona kitu chini ya kiti cha Mama. Kandambili yake ya kushoto ilikuwa imemtoka mguuni, na ule mguu uliolegea ulikuwa unasogea kwenye sakafu, taratibu sana, mbele na nyuma, ukifuata muziki. Uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni kana kwamba anatazama njia. Niligeukia ukuta nikanywa maji mengi kuliko kiu yangu.

Wiki iliyofuata dada yangu alikuwepo nyumbani. Nilipotoka chumbani nikiwa na mfuko wangu, nilimkuta Mama amekaa barazani, kitenge kimefungwa vizuri, kilemba kichwani.

"Bajaji haijafika?" aliuliza.

Hivyo ndivyo Mama alivyoingia darasani. Alisimama kwenye mwanzi wa chini pamoja na wadogo, kwa sababu ndio uliofikiwa na mkono wake bila kuunyanyua sana. Pembeni yake alisimama mtoto mdogo kuliko wote, binti wa wafanyabiashara wa mpakani, baba yake Mmalawi na mama yake wa hapahapa. Alikuwa mtoto wa maneno mengi nyumbani, mama yake aliniambia, lakini mbele ya watu alikuwa akimeza ulimi. Kwa Mama hakuumeza.

"Bibi, usiangalie miguu. Mwalimu anakataa."

"Nisipoiangalia itajuaje pa kwenda?"

"Inajua. Wewe iache."

Mama alinitupia jicho, akainua uso. Nilimwona akijaribu. Maisha yake yote alikuwa ameinama shambani, na sasa mtoto asiyefika kiunoni mwake alikuwa anamwambia atazame mbele. Aliyumba. Mtoto akamshika kitenge kwa nyuma, kwa vidole viwili, akaendelea na hatua zake mwenyewe.

Hakupona kwa muujiza. Kuna Jumamosi mguu ulikataa kabisa akarudi kitini. Siku moja alianguka. Tulikuwa tunajifunza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, jambo ambalo huwashinda hata wakubwa kwa sababu wanaharakisha, na kabla sijamfikia alikuwa amekwenda chini. Nilikimbia, lakini alininyooshea mkono wa kulia nisimguse. Yule mtoto alikaa sakafuni karibu naye, akakunja miguu.

"Hata mimi naanguka," alimwambia. "Toa pumzi kwanza, ndiyo unyanyuke."

Mama akatoa pumzi ndefu. Akageuka, akaweka goti, akaushika mwanzi, akanyanyuka. Hakuumia. Tuliporudi nyumbani nilimkalisha barazani nikaanza kumpaka mafuta miguuni, naye akaanza kulia bila sauti.

"Unaumwa wapi, Mama?"

"Siumwi. Nilidhani nimekwisha," alisema. "Nilikuwa nawasubiri mnizike, basi."

Niliikumbatia miguu yake nikiwa nimekaa chini, mafuta yakatapakaa kwenye gauni langu. Aliniwekea mkono kichwani. Ulikuwa ule wa kushoto.

Mavuno ya mpunga yalipokaribia, mchungaji alituomba tuonyeshe kitu siku ya shukrani, baada ya ibada. Watoto walichagua wenyewe: watacheza siku ya soko, akina mama wafinyanzi wa Ikombe, kando ya ziwa, wakishusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi. Tulifanya mazoezi hadi mikono yao ikabeba vyungu visivyokuwepo kwa namna ambayo ungeogopa kuwagonga.

Wiki ya mwisho niliwafundisha yale ambayo hayako miguuni. Niliwaambia wawahi kula, ndizi mbivu na maji kidogo, wasije na wali tumboni. Wafunge nywele zisiguse uso, kwa sababu mkono unaoondoa nywele jukwaani ndio utakaotazamwa. Niliwatembeza juu ya mbao zote kabla ya siku yenyewe ili wajue ubao upi unalia na upi unateleza. Msichungulie kwenye pazia, nilisema. Mkiwaona watu, na wao wamewaona. Msiwatafute mama zenu kwenye viti. Tazameni ukuta wa mwisho, juu ya vichwa vya watu wote, na kila mtu atadhani mnamtazama yeye. Na mkikosea, endeleeni. Wanaotazama hawajui hatua inayofuata, mnaijua ninyi tu.

"Na tukisahau yote?" aliuliza yule mdogo.

"Kunja magoti, nyooka, pumua. Muziki utakukumbusha."

Mama nilimpa kazi ya kukaa nyuma ya pazia, kushika khanga za watoto na kuwafuta jasho. Alivaa gauni lake la kanisani na viatu vya kamba, akaja na fimbo yake ya kutembelea.

Ukumbi ulijaa. Watu walisimama hadi nje madirishani, na harufu ya mpunga mpya kwenye magunia ya sadaka ilikuwa kila mahali. Nilikuwa upande wa pili wa jukwaa nikishughulika na spika. Muziki ulianza, watoto wakatoka mmoja baada ya mwingine, mabega chini, macho juu. Kisha ikafika zamu ya yule mdogo, aliyetakiwa kutoka peke yake na chungu chake kidogo. Hakutoka.

Nilimwona kwa mbali. Amesimama ukingoni mwa pazia, mikono bado iko kichwani, macho yamewagandia watu. Wenzake walimaliza duara wakaanza jingine, kama nilivyowafundisha, lakini macho yao yalianza kunitafuta. Sikuweza kuvuka jukwaa.

Ndipo Mama akanyanyuka. Fimbo yake ilibaki imeegemea kiti. Alimwinamia yule mtoto akasema kitu, na nikawaona wote wawili wakikunja magoti, wakinyooka, wakitoa pumzi. Wakafanya tena. Kisha Mama akampa mkono, na wakatoka pamoja.

Watu walimfahamu. Walijua alivyokuwa amerudishwa kutoka hospitali. Ukumbi mzima ulitulia, na katika utulivu ule nilisikia kiatu chake cha kushoto kikiburuta kwenye mbao. Hakuangalia miguu. Walifika katikati, mtoto akauachia mkono, akaanza kuzunguka na chungu chake, shingo ndefu, bila kukosea hata kidogo.

Mama akabaki pale. Kurudi peke yake, watoto wakiwa wanapita huku na huku, kungekuwa hatari, na nadhani alilijua hilo kabla hajatoka. Kwa hiyo alisimama katikati ya soko, na wale watoto, bila kuambiwa na mtu, walianza kumletea vyungu. Mmoja baada ya mwingine walipita mbele yake wakainama na kushusha mzigo miguuni pake. Yeye aliupokea kwa mkono wa kulia, na kila mara wa kushoto ulinyanyuka pia, mpaka ulipoweza, chini kidogo ya kifua, vidole vikiwa wazi.

Muziki ulipoisha, watoto walishikana mikono naye wakainama. Mama alichelewa kuinuka, nao wakamsubiri. Akina mama wa kwaya walipiga vigelegele, na baba yake yule mtoto, aliyekuja na pikipiki kutoka mpakani, alikuwa amesimama juu ya benchi akilia waziwazi.

Niliwafuata nyuma ya pazia. "Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia naogopa," alisema, akihema. "Nikamwomba anisindikize."

Alikaa, akaomba maji. Mtoto alikuwa tayari amemlalia mapajani, anauliza kama tutacheza tena kesho.

Jumamosi iliyofuata tulikuta wanawake wawili wa rika la Mama wamekaa kwenye ngazi za ukumbi, vitenge vimefungwa, kandambili zimepangwa pembeni. Mmoja alisema goti lake halimpi usingizi. Mwenzake hakueleza kinachomuuma. Alisema tu amekuja. Nilimtuma mtu amwite seremala, kwa sababu sasa tungehitaji mwanzi wa tatu, wa kimo cha katikati. Mama alikuwa ameshawapita na kuingia ndani, anafungua madirisha kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unamsaidia kidogo.