Waya wa Kijani Bafuni kwa Bi Bahiya

Tupokigwe hakai. Ukimpa kiti anaegemea mlango. Chai anaimaliza wima, huku simu inamwita kwingine. Amefunga umeme Mbeya, Lusaka na Maskati, na kote huko, anasema mwenyewe, aliondoka kazi haijakauka. Jirani yangu Nasser, mwenye duka la vitambaa hapa Mwananyamala, alilijua hilo, na bado akampa kazi ya bafu la mama yake.

Bafu lile maji yake ya moto yalikuwa yanauma. Ukigusa bomba, unatetemeshwa na umeme mpaka kwenye kiwiko. Familia nzima ilikuwa ikioga na kandambili. Nimekutana na maji hayo katika nchi kadhaa, na kila mahali watu huyazoea. Bi Bahiya, mama yake Nasser, aliamini kabisa kwamba yasipouma hayajapata moto. Sasa miguu imemlegea. Huoga amekaa, mkono mmoja umeshika bomba.

Tupokigwe alipitisha waya mpya ukutani, ndani ya paipu ya plastiki, wima kutoka darini hadi kwenye hita. Swichi akaiweka nje ya mlango. Akaacha ncha tatu zimechomoza, akakimbilia kazi nyingine Sinza.

Aliporudi, Kasimiri, fundi vigae, alikuwa ameshamaliza. Ukuta unameta, ncha ni mbili. Waya wa kijani, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, usipite mwilini mwa mtu, haupo. Kasimiri, bila wasiwasi, akaonyesha timazi lake la kupimia wima wa ukuta. Lilikuwa linaning'inia kwenye kipande cha waya wa kijani.

"Si waya huu ulikuwa umekaa tu, dada Tupo? Hita inawaka kwa nyaya mbili."

Alikuwa ameukatia ndani kabisa, kisha akabandika juu yake kigae cha maua, cha mwisho, dukani vimekwisha. Nasser akasema basi kibaki, mbona miaka yote wameoga na kandambili. Simu ya Tupokigwe ikaita: Sinza. Akatoka hadi kibarazani, akarudi, akatoka tena. Kibarazani alikuwa amekaa Bi Bahiya, peku.

"Shikamoo, bibi. Kandambili zako ziko wapi?"

"Marahaba. Haziingii tena, mwanangu. Miguu imevimba."

Tupokigwe akaizima simu. Akazima umeme wa nyumba nzima, akahakikisha kwa testa, akachukua patasi na kukipasua kigae cha maua. Nasser aligeuka pembeni. Ukavutwa waya mpya mzima kupitia paipu ileile, ukafungwa, ukapimwa, na safari hii Tupokigwe alimsimamia Kasimiri mpaka kigae cheupe kikaziba pengo, akihama mguu huu kwenda ule kama anayekanyaga mchanga wa moto.

Siku Bi Bahiya alipooga, Tupokigwe alikuwa mlangoni, mkoba begani. Maji yalimwagika, yakatulia, kisha ikaja sauti ya manung'uniko:

"Nasser, huyo fundi wako ameniharibia hita. Haiumi."