Gasketi ya Halwa

Juzi fundi aliniambia niliuze gari langu kuukuu, maana gasketi ya kuzibia pampu ya maji isivuje haipatikani tena. Nikaenda kununua halwa. Muuzaji alipofunga boksi, iliki ilinukia, nami nikanusa grisi.

Nilipokuwa mdogo, ami, nduguye marehemu baba, alikuja kwetu Bondeni na boksi kama hilo, na mnunuzi wa skrapu nyuma yake. Gari la baba lilikuwa mlangoni, pampu ikivuja tangu mama alipoingia eda. Siku hiyo eda ilikuwa imekwisha.

"Shemeji, nyinyi kuleni halwa," ami alisema. "Sisi tutakivuta hiki chuma chakavu."

Mama alikuwa amemshikia baba spana miaka yote. Aliipakua halwa kwenye sahani, akanipa niipakate. Kisha akafungua pampu, akalaza kifuniko cha kadibodi cha boksi la halwa juu ya mdomo wake, akakigonga pembezoni kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka kikakatika sawasawa na umbo la chuma. Akakipaka grisi pande zote mbili, akakiweka mahali pa gasketi, akaifunga pampu.

"Mwanamke na gari!" ami alicheka. "Watu watasema nini?"

"Watasema limewaka."

Likawaka. Akatia maji, akainama kutazama chini. Hapakuwa na hata tone. Mnunuzi akakunja kamba yake akaenda zake.

"Shemeji, ingia nikupeleke kwako," mama alisema.

Ami akashika mlango wa mbele.

"Nyuma," mama akamwambia. Mbele nilikwishakaa mimi, na sahani yangu.