Rangi Juu ya Tope

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, nikiwa na rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi, nikicheka peke yangu mbele ya Landrova kuukuu kama mtu aliyeokota mkufu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kijiji chetu cha ujamaa, huku Ulaya ya Kilosa (usije ukadhani ile ya Wazungu), kilipewa gari lile na wenye shamba la mkonge waliokwisha kulichoka. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka Morogoro kujifunza umakanika, nikakabidhiwa nilifufue pamoja na Mzee Mkude, aliyeendesha malori ya mkonge tangu kabla ya uhuru.

Sasa, ujana una mambo yake. Jumamosi ile nilikuwa naoa, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameniahidi kwamba gari likipona, ndilo litakalomleta bibi harusi kutoka Munisagara. Jumatano likawaka. Kilichobaki ni kusafisha ndani ya boneti, na humo mlikuwa na grisi na vumbi jekundu la miaka, vimegandana kama ukoko wa ugali. Mzee Mkude akaniambia nikwangue uchafu wote, kisha akaenda shambani.

Nikaona kazi itanichelewesha. Nikachukua rangi iliyobaki baada ya kupaka milango ya zahanati, nikapaka juu ya uchafu. Likang'aa! Nikakimbia kwa mwenyekiti kumwambia gari liko tayari.

Jioni mzee akarudi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafungua boneti. Akapitisha ukucha mmoja tu. Rangi ikabanduka na tope lake.

"Umemvisha kanzu mtu ambaye hajaoga," akasema.

"Lakini mzee, nani atafungua boneti siku ya harusi?"

"Moto. Nao haupigi hodi."

Nikaondoka bila kuaga. Hilo lilikuwa kosa la pili, na ndilo linaloniuma zaidi hadi leo.

Asubuhi nilirudi nikiwa bado nimenuna. Nikamkuta Mzee Mkude, na magoti yake yale mabovu, ameinamia injini akikwangua uchafu wangu kwa kijiti. Aibu niliyoiona, mwanangu, sijui niielezeje.

"Nisamehe, mzee. Nipe hicho kijiti."

Akanipa, akaketi juu ya tairi, akaanza kunielekeza. Kwanza nifunike kabureta na sehemu za umeme zisiingie maji. Kisha nikwangue, nisugue kwa brashi na mafuta ya taa, nioshe kwa maji ya sabuni kidogo kidogo, nifute kwa kitambaa kikavu. Adhuhuri ilipofika, chuma kilianza kuonekana. Ndipo nikaliona: bomba dogo la petroli lina ufa, linadondosha tone moja moja, karibu kabisa na bomba la moshi.

Nilimfikiria Mwajuma, mchumba wangu, na shela lake, shangazi zake wamembana kushoto na kulia, na petroli ikidondoka mbele yao.

"Umeliona?" mzee akauliza.

"Nimeliona."

Nikanawa mikono, nikaenda kwa mwenyekiti kumwambia kwamba jana nilimdanganya. Akacheka, akasema, "Afadhali umesema kabla hatujapanda."

Ijumaa tukapata bomba kwenye trekta bovu huko Kilangali, tukalifunga. Jumamosi Mzee Mkude mwenyewe alishika usukani, na vigelegele vikatusindikiza kutoka Munisagara mpaka nyumbani. Mwajuma akaiona mikono yangu.

"Hina yangu nyekundu, yako nyeusi. Nani kakuchora?"

Gari zima likaangua kicheko. Mzee alicheka mpaka akabonyeza honi bila kutaka. Huyo Mwajuma ndiye bibi yenu.

Basi sikia, mwanangu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Usipambe kitu usichokisafisha, iwe mashine, nyumba au moyo wako mwenyewe. Mkubwa akikukosoa, usinune. Huenda ameona hatari usiyoiona. Na ukidanganya, rudi upesi ukaseme kweli.

Mungu akupe macho ya kuuona ufa ungali mdogo, akupe watu wa kukuambia ukweli, na safari zako zote zifike salama kwa vigelegele. Amina.