Breki Kavu za Hautala

Wendell Hautala ana imani mbili. Ya kwanza ni ya Kilutheri na haimsumbui mtu. Ya pili ni kwamba bolti yoyote inayorudishwa kwenye gari bila kupakwa grisi ya rangi ya fedha, ile inayozuia vyuma kushikana kwa kutu, imerudishwa na adui.

Huku kaskazini mwa Michigan barabara zinamwagiwa chumvi majira yote ya baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma, kwa hiyo imani ya pili ina ushahidi mwingi zaidi. Shida ni kwamba grisi hiyo haikai ilipowekwa. Kidoa kwenye kidole huhamia kwenye kitasa, kwenye swichi ya taa, kwenye sikio la mbwa. Harusini kwa binti yao, mkewe Marlys alicheza dansi akiwa na alama ya kiganja cha fedha mgongoni, na wageni wakadhani ndiyo fasheni.

Mwezi wa Mei, Wendell akiwa hospitali kubadilishwa goti, mkwe wake Garrett, mtu wa kusini mwa lile daraja kubwa linalotutenga na Michigan nyingine, alimbadilishia breki za pikapu kwa hiari yake. Tangu hapo Wendell analitumia neno "hiari" kama tusi.

Novemba, siku moja kabla ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu, breki ya mbele ikaanza kusaga chuma kwa chuma. Kambi yake ya kuwindia iko bondeni; bila breki hakuna kushuka, na tangu apate bunduki hajawahi kukosa alfajiri ya ufunguzi. Mimi jirani yake nikaenda kumshikia taa.

Bolti ya kwanza ilitoka kwa matusi. Akaipaka grisi papo hapo, kwa mikono miwili, nadhani ili ya pili ione. Ya pili haikuona kitu. Akaichoma moto, akaigonga nyundo, akarefusha mpini wa spana kwa bomba, akaning'inia juu yake. Ikakatika kichwa.

Akakitazama kile kichwa kiganjani. "Kavu," akasema. "Kavu kama mahubiri."

Garrett alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. "Mzee, kitabu cha gari kinasema zirudishwe kavu."

"Aliyekiandika anaishi wapi?"

"Nitajuaje?"

"Arizona, jangwani. Kutu anaiona kwenye picha."

"Kopo lako la grisi nililiona, Mzee. Niliogopa kuchafua vitu."

"Hapo mwenzio hajakosea," Marlys akasema, akifunga pai za nyama na viazi. "Hebu mtazame mbwa."

Duka la vipuri lilikuwa limefungwa. Mwenyewe alishaingia msituni, kama kila mtu mwenye akili zake. Likabaki gari la Garrett, dogo, jeupe, safi kama sahani.

"Tukifika na hicho kitu," Wendell akasema, "kulungu watatucheka."

"Basi baki nyumbani, Mzee."

Wendell akamtazama, akaitazama pikapu juu ya jeki, akachukua bunduki yake na pai. Akajishikilia pa kujishikilia, akajikunja, akaingia, goti jipya likigusa kidevu.

Garrett alizunguka kumfungia mlango, akasimama. Juu ya paa jeupe kulikuwa na alama za vidole vitano vya fedha.

"Mzee."

"Hapo hapatashika kutu," Wendell akasema. "Endesha."

Garrett akatoa leso, akasugua. Vikawa kumi.