Baba Neema Alinipa Mugongo

Weye unayenisikiliza, usifikiri nimeokota kisa hiki sokoni. Ni mimi mwenyewe niliyeyaona haya, ndani ya nyumba yangu hapa Bunia, jua likiwa bado halijamaliza kushuka. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimekunywa kitu. Na kama ningetaka kutunga uongo, si ningetunga ule wa kunipa sifa? Kisa hiki kinanivua nguo mbele yako. Basi sikiliza tu.

Mimi ninauza vikwembe, vitenge vya wamama, sokoni. Siye ni watu wa Butembo, tulihamia huku mara tu baada ya kuoana, mume wangu akifanya kazi ya kufunga sola juu ya nyumba za watu. Tulipanga kwanza mutaa wa Rwambuzi, baadaye tukajenga mutaa wa Saio. Mungu alitupa binti mumoja, Neema, ambaye sasa anasoma Kisangani. Ndiyo sababu mimi ni Mama Neema na yeye alikuwa Baba Neema. Majina yetu mengine hata siye wenyewe tulikuwa tumeyasahau.

Siku moja alikwenda Kampala kutafuta batri, akaona katika nyumba ya mutu akwariomu ya maji ya bahari, kile kioo cha kufugia samaki. Alirudi akiongea juu ya kitu hicho tu. Hakukaa muda, akaleta sanduku la kioo, si kubwa kupita sanduku la nguo, akaliweka kwenye meza ya chuma pale saloni, tunapokalia wageni. Akatia muchanga mweupe na mawe ya bahari. Maji yenyewe alikinga ya mvua, akayapitisha kwenye chujio, halafu akachanganya chumvi iliyokuja katika ndoo. Nilimuuliza kwa nini asitumie chumvi ya jikoni, akacheka, akasema hiyo ingeua kila kitu.

Halafu tukakaa wiki nyingi tunaangalia mawe. Mawe na maji, na pampu inavuma muchana na usiku. Nilimuchokoza kwamba amejenga muto usio na samaki. Alinijibu kwamba maji lazima yakomae kwanza, kwamba kuna vitu vidogo visivyoonekana vinavyopaswa kuzaliwa mule ndani. Yalipokomaa, rafiki yake mumoja, mufanyabiashara wa Ariwara, akamuletea samaki wawili katika mifuko ya plastiki iliyojaa hewa. Walikuwa rangi ya machungwa, na mistari myeupe. Baadaye yakaja matumbawe, yale yanayofanana na maua, yanafunguka taa ikiwaka na kujifunga ikizima. Kwa sababu Bunia yetu ina baridi jioni, alitia na kifaa cha kupasha maji. Batri zake nzuri kuliko zote zilikuwa za samaki. Mutaa muzima ukiwa gizani, wao walikuwa na taa.

Majirani walisema tunafuga mambamutu, yule muke wa majini anayewapa watu utajiri. Utajiri gani? Wangeuliza mifuko yangu.

Nitakuambia ukweli: kilikuwa kitu kizuri sana, na mimi nilikichukia. Akitoka kazini alisalimia samaki kabla yangu. Kila jioni aliongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu maji yanapanda hewani lakini chumvi inabaki. Na kila Jumamosi, siku ya posho kama tunavyosema siye, alipunguza maji ya zamani, akatia mapya, akasugua kioo, mukono umezama mpaka kwenye kwapa. Mimi naongea habari za soko, yeye ananipa mugongo. Nilizoea kumuuliza: "Kati yangu na hii samaki, ni nani bibi yako?" Alicheka bila kugeuka.

Kisha akaanguka kutoka juu ya nyumba aliyokuwa anafungia sola. Hakumaliza siku hospitalini. Tulimuzika na suti ya kijivu. Neema alikuja, tukalia pamoja, matanga yakaisha, akarudi masomoni. Nikabaki mimi, nguo nyeusi, na ile pampu inayovuma.

Sikuigusa akwariomu. Batri ziliiendesha, lakini hakuna aliyeongeza maji. Yakashuka, kioo kikaota kijani, matumbawe yakajikunja kama ngumi. Nilishaamua kumuita mutu wa Ariwara aje aichukue.

Jumamosi moja mvua ikanirudisha kutoka soko mapema. Nikafungua mulango kwa ufunguo wangu, nikaingia, na pale saloni palikuwa na mwanaume amesimama mbele ya kioo, amenipa mugongo, amekunja mukono wa nguo, amezamisha mukono majini. Nilifikiri ni yule wa Ariwara. Nikasema karibu. Ndipo nikajiuliza ameingilia wapi. Ndipo nikaona koti la kazi, la buluu, na kiraka begani nilichokishona mimi mwenyewe kwa kipande cha kitenge. Koti lile walilikata hospitalini kwa makasi. Nilikuwa nimelifukia nyuma ya nyumba kwa sababu ya damu.

Ungefanya nini weye? Ungepiga kelele? Mimi nilitoka polepole, kama mutu aliyekuta wageni wanavaa nguo. Nikaenda jikoni, nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, nikakaa. Niamini, nilikuwa nasikia maji yanamiminwa kule ndani, na kikombe kinagonga ndoo ya chumvi. Kelele zilipokwisha nikarudi. Hakuna mutu. Kioo kilikuwa safi kama hakipo. Maji yalikuwa yamerudi mahali pake, samaki wanakula. Simenti ilikuwa imelowa. Nilichovya kidole pale chini, nikaonja. Chumvi.

Jumamosi iliyofuata akaja tena. Na hapa ndipo haya yangu inaanzia.

Sikuogopa tena. Nilifurahi. Nilikwenda kusuka nywele, na muda wa kilio, wa kuvaa nyeusi, ulikuwa haujaisha. Nikavua nguo nyeusi, nikavaa kikwembe cha ndege wa kijani alichoninunulia zamani, nikajipaka manukato. Nilitaka kupika samaki wa Kasenyi, wale wa ziwani, nikaona vibaya kupika samaki mbele ya samaki wake, nikachinja kuku. Nikatenga sahani mbili. Mama muzima, muimbaji wa kwaya, ninamupambia marehemu. Alikuja saa ile ile ambapo wamama wanawasha mbabula. Sikumuona akiingia hata siku moja. Unageuza kichwa, unaporudisha yuko pale, anafanya kazi. Nilimusimulia soko, nilimusimulia Neema na mitihani yake. Hakujibu. Hakugeuka. Alikuwa anasugua kioo, hasa pale katikati, anasugua hata pakiwa pameshatakata, anasimama anapaangalia. Chakula kilipoa. Nilipokula peke yangu, alikuwa ameshaondoka.

Ilikuwa hivyo Jumamosi nyingi. Nikaanza tena wivu ule wa zamani. Hebu fikiria: mutu anatoka kaburini, anarudi nyumbani kwake, na aliyemurudia ni samaki.

Kisha siku moja akaja yaya Kahindo, dada mukubwa wa mume wangu, anayekaa Rwambuzi. Alikuja bila kuniambia, muda mudogo kabla ya saa ya mume wangu kuja. Akasimama mulangoni, akaangalia misuko yangu, akaangalia kikwembe, akaangalia meza.

"Unangojea nani?"

"Hakuna mutu, yaya."

"Sahani mbili ni ya hakuna mutu?"

Akasogea mpaka kwenye akwariomu, akainama. Samaki walikuwa wanacheza, matumbawe yamefunguka yote.

"Na hii samaki, nani anachungaka? Weye ulikuwa unaogopa hata kutia kidole."

Nikamuambia kuna mutu anakuja kunisaidia. Si nilisema kweli? Lakini nilisikia mwenyewe vile maneno yalivyotoka, na manukato yale mwilini. Yaya Kahindo akakaza kikwembe chake kiunoni. Hakupandisha sauti.

"Ndugu yangu hajaoza bado, Mama Neema."

Akatoka. Ningeweza kumukimbilia. Ningeweza kumushika mukono na kumuambia, kaa hapa kidogo, utamuona kwa macho yako. Ni ndugu yake, tumbo moja, alikuwa na haki kunizidi. Sikumukimbilia. Unajua kwa nini? Saa yake ilikuwa imekaribia, na nilitaka yaya aondoke. Nilimutaka peke yangu.

Akaja, akanipa mugongo kama kawaida. Jioni ile nilikasirika kweli. Nilikuwa nimeshapoteza jina langu kwa wakwe, na kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mugongo.

Jumamosi nyingine, asubuhi kabla ya kwenda soko, nikachomoa waya wa pampu. Nikachomoa na wa kupasha maji. Halafu nikachukua kile kikwembe cheusi cha kilio, nikafunika kioo chote, juu mpaka chini, nikakifunga kwa kamba. Nilijiambia, leo hatakuwa na kitu cha kuangalia. Leo atageuka aniulize.

Niliporudi nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo sikuizoea. Harufu ya kitu kinachoanza kuharibika ilikuwa imetoka chini ya nguo. Sikufunua. Nilivaa, nikakaa kwenye kiti changu, nikangojea.

Nikageuza kichwa, niliporudisha alikuwa pale. Hakukunja nguo. Alisimama mbele ya kile kikwembe cheusi, mikono imening'inia. Akakigusa kwa vidole, kama mutu anayetafuta mulango gizani. Halafu akageuka.

Niamini, uso ulikuwa wake, haukuharibika, haukuwa na jeraha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumulaumu. Lakini macho yake yalipita juu yangu, yakaenda ukutani, yakarudi, yakapita tena. Alikuwa anatazama mahali nilipokaa, na hanioni. Akanyosha mukono mbele, kama kipofu.

"Mama Neema, uko wapi?"

"Niko hapa, Baba Neema. Niko hapa mbele yako."

Hakusikia. Au alisikia kutoka mbali, sijui. Akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe:

"Nilikuwa nakuona mu kioo. Kila siku ya posho nilikuwa nakuona, na misuko yako, na ile kikwembe ya ndege. Sasa sikuone tena."

Sijui nilivyofika pale. Nilikata kamba kwa meno, nikavuta nguo, kioo kikafunguka. Nikaangalia ndani yake kumutafuta. Kulikuwa na mama mumoja amepambwa, anatweta, na nyuma yake kiti kitupu.

Nilirudisha nyaya, pampu ikavuma. Samaki mumoja alikuwa ameshaelea, wa pili alikuwa anavuta hewa juu ya maji, hakufika asubuhi. Matumbawe yaliyeyuka yakawa kama makamasi meupe. Nilimuita mutu wa Ariwara, akasema hakuna cha kuokoa, akanipa pole akidhani nalilia samaki. Nilimwaga maji, nikatia mengine, nikasugua kioo mimi mwenyewe, pale katikati, mpaka mukono ukafa ganzi. Jumamosi zikaja, zikapita. Nilikaa mbele ya kioo nimesuka, nimevaa. Hakurudi, na mpaka leo hajarudi.

Familia ilikaa kikao. Wakanitaka nimutaje mwanaume aliyekuwa anakuja nyumbani wakati wa kilio. Yaya Kahindo alikuwa amekaa karibu na mulango, haniangalii. Nilinyamaza. Kunyamaza kukachukuliwa kuwa jibu. Kwaya nayo nikaiacha, kabla hawajaniambia niiache.

Kisha Neema akanipigia simu kutoka Kisangani. Akaniuliza kama ni kweli wanavyosema shangazi zake, kwamba nilimuingiza mutu mwingine mu nyumba ya papa. Ningemuambia nini? Kwamba baba yake alikuwa anakuja, na mimi sikumuita yeye aje amuone hata mara moja? Kwamba alikuwa anakuja kuniangalia mimi, na nilimufukuza kwa wivu wa samaki? Nikaona haya ile ndogo ni afadhali kuliko haya hii kubwa. Nikamujibu: "Ndiyo, Neema. Ni kweli."

Bado anatuma ujumbe sikukuu zikifika. Ananisalimia vizuri, kama mutu anavyosalimia mama ya rafiki yake.

Weye ndiye wa kwanza kunisikia. Sikuombi uniamini wala unihurumie. Nakuambia tu kwa sababu hakuna nyumba isiyofiwa. Wako akirudi siku moja, na ukaona anashughulika na kile alichokipenda, redio yake au baiskeli yake au bustani yake, na weye ni kama haupo, usishindane na kitu hicho. Usimulazimishe akugeukie. Vuta kiti, ongea naye habari za soko, na kama kuna ndugu mulangoni, mukaribishe aingie.