Shingo Isiyo na Kovu

Waliokuwa sebuleni kwangu siku hiyo ni hawa: mwenyekiti wa kikundi chetu cha palizi, wanachama wengine wanane, mdogo wangu wa kiume ambaye ni karani mjini Meru, mdogo wetu wa mwisho ambaye ni mwalimu Embu, na mimi mgonjwa. Wanawake walikuwa wamekuja kuona nilivyokatwa shingo. Nilikuwa nimejifunga leso, na chini ya leso hakukuwa na kitu ila plasta ndogo, kama ya mtu aliyejikata akimenya viazi.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la saba. Niliacha shule nikashika jembe, wadogo zangu wakasoma. Kwa hiyo uvimbe ulipopatikana shingoni mwangu, na vipimo vikaonyesha ni saratani, wale wawili walikaa mbele yangu wakijadili maisha yangu kwa Kiingereza nilichokilipia karo.

Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo kuliko punje ya mahindi na haukuwa umesambaa. Hata hivyo, daktari wa kwanza alisema nipasuliwe, nami nikapeleka habari kikundini. Sheria yetu ni hii: tunapalilia kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Lakini anayeenda kupasuliwa hupaliliwa shamba lote kabla ya wengine, na siku hizo anasamehewa, hazirudishi. Anayedanganya ili apaliliwe hufutwa. Wawili wameshafutwa, na mpaka leo wanalima peke yao.

Jumatatu jioni, siku moja kabla ya wenzangu kuja kunipalilia, mdogo wangu wa kiume alinipigia simu.

"Dada, kuna hospitali Nairobi wanachoma uvimbe kama huo kwa sindano yenye joto. Hakuna kukatwa. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wameona skeni yako, wanasema unafaa."

Nilimshukuru Mungu. Kisha nikatoka nje nikatazama maharagwe yangu, ambayo hayakuonekana kwa magugu, nikaamua kwamba habari njema haina haraka.

Jumanne walikuja wote na majembe. Walipalilia mpaka chini ya migomba, mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kupashughulikia. Walinikataza hata kubeba maji.

Huko Nairobi nilidungwa ganzi, nikalala kitandani macho wazi. Daktari alikuwa akitazama kioo cha mashine huku sindano ikiwa ndani ya shingo yangu. Nilihisi joto, kama mtu aliyeinama karibu mno na jiko.

"Ongea, mama," akasema. "Nataka kusikia kama sauti iko sawa."

"Niongee nini?"

"Chochote."

Nikajikuta nawataja wanawake wa kikundi, mmoja baada ya mwingine. Alisema sauti yangu ni safi kabisa. Jioni nilikuwa Meru, nakula chapati kwa ndugu yangu.

Sasa walikuwa sebuleni.

"Hebu tuone," mwenyekiti akasema.

Nikafungua leso. Wakainama, wakatazama, wakatazamana.

"Kwani walipitia wapi?" mmoja akauliza.

"Mimi nilishonwa nyuzi kumi na mbili nikizaa," mwingine akasema, "na wiki ya pili nilikuwa natafuta kuni. Huyu amejikuna tu."

Mwenyekiti akainua mkono. "Nyamazeni. Tuliomba, na Mungu ameziba. Huu ni muujiza."

Wakaitikia amina. Mwalimu wetu akafungua mdomo aeleze mambo ya sindano, ndugu yake akamkanyaga mguu. Muujiza ulikuwa wangu, nimeletewa mpaka nyumbani. Ningefunga leso tu na yangekuwa yamekwisha.

"Mwenyekiti," nikasema, "si muujiza. Walinichoma kwa sindano. Na tangu Jumatatu nilijua sitapasuliwa."

"Jumatatu? Na sisi tukalima Jumanne?"

"Ndiyo."

"Ukatuangalia tu?"

"Maharagwe yalikuwa yamezidiwa."

"Hata chini ya migomba?"

"Pale sikuwaomba," nikasema, na yule wa nyuzi kumi na mbili akashindwa kujizuia, akacheka.

Walitoka wakaongea nje kwa Kimeru, kwa sauti ya kusikika vizuri, kama watu wanaotaka usikie. Waliporudi, mwenyekiti alisema sitafutwa, kwa sababu saratani angalau ilikuwa ya kweli. Lakini msamaha umeondolewa. Nitapalilia shamba la kila mmoja wao, peke yangu.

"Daktari alisema utashika jembe lini?"

"Baada ya wiki moja."

"Basi pumzika vizuri, mama," akasema. "Tusije tukakuua."

Katika skeni ya mwisho uvimbe ulikuwa umenywea, ingawa bado natakiwa kurudi kupimwa kwa miaka. Mashamba nimemaliza matano. Yamebaki manne, likiwemo la mwenyekiti, ambalo ni kubwa kuliko yote na liko mteremkoni, na juzi mvua ilinyesha tena.