Maiki ya Akiba Kwenye Harusi ya Nyakoe

Nichekeni tu, wasomaji, kwa maana nimestahili.

Jumamosi iliyopita nilikuwa fundi wa vipaza sauti harusini Nyakoe. Mwenye duka mmoja Mhindi mjini Kisii alinikodishia maiki mbili zisizo na waya, fasheni mpya ya miaka hii ya tisini, pamoja na kipokezi kimoja cha kupeleka sauti zake kwenye spika.

"Fundi, kipokezi kinasikia chaneli moja tu," alinionya. "Weka maiki zote hiyo hiyo."

Niliitikia kama profesa. Kisha nikaweka ya pasta chaneli ya kwanza, na ya akiba chaneli ya pili, nikaibana shatini, ikiwa imewashwa, wasichana waione.

Kwaya ikiimba, chaneli ya kwanza ikaanza kukwaruza. Nikageuza kipokezi hadi ya pili, kelele zikaisha, nikajipongeza. Nikaenda nyuma ya hema kufanya mazoezi ya maneno niliyotaka kumwambia Kemunto, dadake bibi harusi.

Kumbe ndani, pasta alikuwa akiuliza kwa sauti yake tupu, "Kuna mwenye pingamizi?"

Nami nikafumba macho: "Mrembo, usiolewe na mwingine. Mimi ndiye wako!"

Spika za hemani zikanguruma maneno yangu. Kabla sijaelewa, bwana harusi alikuwa mbele yangu, koti amelivua.

"Unamwambia nani, wewe?"

"Si bibi yako, ndugu yangu! Ni Kemunto ninayempenda!"

Hayo nayo yakafika hadi sokoni. Kisha nikamsikia mamake Kemunto hemani: "Na huyo ni nani tena?"